Rimu ya Nne Haikulia

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Alhamisi, niligonga rimu ya nne ya gari la Mshamu na haikulia. Tatu za kwanza zilikuwa zimelia vizuri, kila moja kwa sauti ndefu inayofifia polepole. Ya nne ilitoa mlio mfupi, kama mtu aliyegonga ubao uliolowa. Nikaizungusha, nikaigonga upande mwingine. Ni vilevile. Niligeuka kwanza kuangalia ni nani aliyekaa ndani ya gari.

Nimeacha kazi mwaka huu. Si kwa uzee, maana bado sijafika huko, ni masikio. Grenda na kompresa zimeyala taratibu, na fundi wa rimu asiyesikia ni hatari kuliko asiyeona. Vijana mnaobaki na karakana yetu pale Chuno, Mtwara, mmeniomba niandike yale ambayo huwa nayasema nusunusu tukiwa kazini. Nitaandika juu ya kazi yenyewe. Mambo ya nani alipewa funguo za stoo na nani alilipwa kiasi gani hayatawasaidia mkiwa na rimu mezani.

Sikusomea ufundi. Nilikuwa muuzaji katika duka la vipuri, na kwa kuwa wateja walikuwa wachache mchana, nilisoma kila kilichoandikwa kwenye makopo na maboksi. Nilijua rangi ipi inakaa juu ya praima ipi kabla sijawahi kushika bunduki ya rangi. Wakati huo magari mengi ya Mtwara yalikuwa na rimu za chuma. Rimu ya chuma ikipinda, unaiweka juu ya kipande cha reli, unaipiga nyundo mpaka inyooke, na mwenye gari anaondoka akishukuru. Kisha walikuja watu wa kampuni za gesi na magari yao, na baada yao watu wa kawaida wakaanza kununua magari yenye rimu za aloi, hizi tunazoziita rimu za spoti. Nazo zilianza kukwanguka siku ileile ya kwanza, kwa sababu mji wetu una kingo za mawe na Mikindani kuna baraza za mawe ya matumbawe zinazotokeza hadi barabarani. Jiwe la matumbawe halikwangui rimu, linaitafuna.

Aliyenifundisha hakuwa fundi wa magari. Alikuwa Mzee Issa wa Mikindani, msubu sufuria, aliyekuwa akiyeyusha vyuma chakavu vya aluminiamu na kuvimimina kwenye mchanga. Nilimfuata kwa sababu nilisoma mahali kwamba rimu za aloi zina aluminiamu nyingi, na yeye ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekuwa akiishi na madini hayo. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliniuliza kama nina viatu.

"Ninazo ndala, mzee."

"Rudi nyumbani. Uje na viatu."

Niliporudi alinionyesha kwa nini. "Chuma kina adabu," alisema. "Ukikichoma kinakuwa chekundu, kinakuambia, basi, niache. Huyu hasemi. Anakaa mweupe, mweupe vilevile, halafu anakumwagikia miguuni." Akanifundisha kupaka sabuni ya mche juu ya aluminiamu kabla ya kuipasha moto: sabuni ikigeuka rangi ya chai, ondoa moto, usingoje zaidi. Siku nyingine alichukua rimu iliyotupwa, akaipiga nyundo kama tulivyozoea kupiga chuma. Haikupinda. Ilikatika, na ndani mlikuwa na chembe za kijivu kama sukari iliyoshika unyevu. "Umeona?" akaniuliza. "Huyu anavumilia, anavumilia, halafu siku moja basi." Sijawahi kusahau chembe zile. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, nikipita nyuma ya gari lenye mwendo nilikuwa naziwaza.

Kugonga nako nilijifunza kwake. Sufuria ikipoa, Mzee Issa aliitundika kwa kamba na kuigonga kwa kipande cha mpingo. Nzima ililia. Yenye ufa ilinyamaza, hata kama jicho halikuona kitu. Nikachonga kinyundo changu cha mpingo, nikaanza kutundika rimu kwa kamba iliyopita tundu la katikati, bila tairi, bila vile vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu. Wenzangu walicheka. Walisema napiga kengele ya kanisa ilhali mimi ni mtu wa msikitini.

Sasa niseme juu ya wateja wa magari ya mkopo, maana wao ndio waliokuwa sehemu kubwa ya kazi yetu, na wao ndio wanaotisha. Mtu aliyenunua gari lake kwa fedha taslimu akikwangua rimu, anakuja mchana, anatukana jiwe, anaulizia bei. Mwenye gari la mkopo anakuja asubuhi mapema, anaegesha upande uliokwanguka ukutani, na anaongea chini chini. Kadi ya gari iko kwa kampuni ya mkopo. Mkataba unasema gari litunzwe kama lilivyotoka, na kila baada ya muda linapelekwa uwanjani kwao kukaguliwa. Wengi hawajausoma mkataba huo, wameusikia kwa majirani, na jirani husimulia pale panapotisha tu. Nilijiwekea utaratibu: kabla sijashika msasa, nawaambia waniletee mkataba, tunausoma pamoja sehemu ya magurudumu. Mara nyingi tunakuta kwamba mkwaruzo wa juu juu unaruhusiwa kutengenezwa na fundi yeyote, na kinachokatazwa ni kubadili rangi au kuweka rimu ya aina nyingine. Nawaambia pia wapige picha, na waipigie kampuni simu kabla kampuni haijawapigia wao. Hilo la mwisho hawalifanyi. Hofu humfanya mtu anyamaze, na ukimya huo ndio unaokuja kumgharimu.

Mkwaruzo wenyewe si kazi ngumu. Unaosha kwa sabuni, unafuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, unakwangua kingo zilizochanika kwa tupa laini, unaanza na msasa mkali kisha unashuka hadi msasa wa maji, unajaza pati ya aluminiamu pale palipozama, praima, rangi ya fedha, vanishi ya juu. Kazi ya kutwa kwa rimu moja ukitaka iwe nzuri. Nusu siku kama mteja anatetemeka. Kigumu ni kujua lini mkwaruzo si mkwaruzo. Jiwe lililotosha kutafuna ukingo wa nje huwa limepiga pia mahali pengine, ndani, ambako hakuna anayetazama.

Mshamu alifika Alhamisi hiyo mara tu baada ya sala ya alfajiri. Ni Mmakua, mtu wa kama miaka thelathini na mitano, anayeendesha gari la kukodiwa na watu wa maofisini na wa harusi. Mimi ni Myao. Kwa wasiojua, Wamakua, Wamakonde na Wayao ni watani, na kati yetu matusi ni salamu. Kwa hiyo sikushangaa aliposema, "Myao, amka, nimekuletea chakula cha watoto wako." Nilishangaa nilipoona rimu. Gari lilikuwa jeupe, na rimu zilizotoka kampuni zikiwa za rangi ya fedha sasa zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta.

"Nani amefanya hivi?"

"Binamu yangu wa Mikindani, yule anayebangua korosho."

Nikanusa. Yalikuwa mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi makali yanayochubua vidole vya wabanguaji, ambayo wazee wetu walipaka nguzo za nyumba ili mchwa asisogee. Binamu aliyachanganya na masizi, akayachemsha yakawa mazito, akapaka rimu zote nne na kuziacha juani. Kama vanishi ya mlango, kazi ilikuwa safi.

Mshamu akanieleza. Kama wiki tatu nyuma, Mikindani, alimpisha lori akabana sana kushoto, na gurudumu la nyuma likapanda kona ya baraza ya nyumba ya mawe na kushuka kwa kishindo. Ukingo ulichanika. Tena tangu siku hiyo tairi lile lilikuwa linapungua upepo kila asubuhi. Binamu akamwambia mafuta ya korosho yanaziba kila kitu, akavua tairi na kupaka hadi ndani. "Na kweli, fundi, upepo haukupungua tena. Yeye ni daktari."

"Na spea iko wapi? Sijaiona nyuma."

"Aliichukua yeye. Malipo."

Ukaguzi ulikuwa siku hiyohiyo saa nane mchana. Alitaka rimu zirudi rangi ya fedha kabla ya hapo. Alikuwa amebakiza malipo ya miezi miwili tu gari liwe lake. Mwaka uliopita jirani yake hakulifikisha gari uwanjani siku ya ukaguzi, kampuni ikalichukua, na mkataba uliruhusu. Baada ya ukaguzi alikuwa anampeleka mama yake kijijini Mahurunga kwenye hitima ya mjomba, pamoja na watoto wake wawili, na njiani angewachukua mama zake wadogo wawili. Mama mwenyewe, Bi Fatu, alikuwa tayari ameketi kiti cha nyuma, watoto wamelala kila mmoja upande wake, naye anatafuna muhogo wa kuchoma.

Hao ndio niliowaona nilipogeuka, baada ya rimu ya nne kunyamaza.

"Mbona umesimama kama umeona chatu?" Bi Fatu akaniuliza kupitia dirishani.

"Nasikiliza, mama."

"Rimu inakusomea dua? Nyie Wayao mnaweza kumuuzia mtu kivuli chake."

"Na Mmakua akiuziwa anaomba apunguziwe."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka vizuri. Nikamwita Mshamu kando, nikamwambia kwamba rimu ya nyuma kushoto ina ufa ndani, kwamba mafuta ya binamu yameziba upepo na kuficha ufa, na kwamba nataka kuyakwangua yote nione. Vanishi ile ikishakauka haitoki kwa tina, na kuichoma moto ni kuilegeza rimu zaidi, kwa hiyo ingekuwa kazi ya msasa na subira, na rangi isingewahi saa nane.

"Umeuona ufa?"

"Sijauona. Nimeusikia."

"Fundi." Alisugua uso kwa mikono miwili. "Mkaguzi haangalii ndani. Anatembea anazunguka gari, anaangalia nje. Paka nje. Nikirudi kutoka Mahurunga kesho kutwa, kwangua unavyotaka."

"Barabara ya Mahurunga unaijua."

"Nimeipita wiki iliyopita na rimu hiihii. Sikufa."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijaribu kumweleza chembe za sukari. Nilimwambia kwamba wiki iliyopita alikuwa peke yake na leo watakuwa sita na mizigo, kwamba rimu ya aloi haitoi onyo, kwamba kwenye mteremko wenye mawe ukingo ukikatika tairi linatoka lote kwa mara moja na gari linafuata upande huo. Alinisikiliza akitazama saa. Nilimwelewa. Ajali niliyokuwa namweleza aliiona mbali, labda haipo. Mtu wa kampuni akiondoka na funguo alimwona waziwazi, kwa sababu alishamwona akiondoka na za jirani.

"Nifungie gurudumu langu," akasema. "Kama hutaki kupaka, nitaenda hivihivi, nyeusi."

Gari ni lake, na fundi hana sheria ya kumzuia mtu na mali yake. Nilisimama pale na rimu mkononi. Niliwaza kwenda polisi, nikaona nitawaambia nini, kwamba kuna rimu imenyamaza? Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya karakana kabla au baada ya siku ile. Nikaipakata rimu kifuani na kusema kwa sauti ili Bi Fatu asikie:

"Mtani, hii nimeichukua. Ukiitaka utaikomboa."

Mshamu alinikazia macho. "Usilete utani leo."

"Nimeshaichukua."

"Myao, nitakupiga mbele ya mama yangu."

Mlango wa gari ukafunguliwa. Bi Fatu akashuka polepole, muhogo mkononi. "Utampiga nani? Utani una leo na kesho? Babu yako alipokufa, Wayao walilikalia jeneza njiani, hatukupita mpaka tukatoa jogoo. Baba yako, na ukali wake wote, alikasirika? Alitoa jogoo. Wewe unataka kukasirikia gurudumu?"

"Mama, hujui kinachoendelea."

"Najua mtani kachukua. Akishachukua, kachukua." Kisha akanigeukia, na safari hii hakuwa anacheka. "Kwa nini umechukua?"

Nikamwambia. Alitazama watoto waliolala ndani ya gari kupitia dirishani, akarudi kukaa, akafunga mlango.

Mshamu alikaa juu ya tairi tupu. Akasema bila kuniangalia, "Sawa. Kwangua. Lakini ukikosa ufa, na wakichukua gari hili, utalilipa wewe."

"Nitalilipa," nikasema.

Niseme wazi nilikuwa katika hali gani. Sikuwa na chochote cha kulipia gari isipokuwa karakana yenyewe, na karakana haikuwa yangu peke yangu. Niliweka rimu mezani nikaanza na msasa upande wa ndani. Mafuta yale yalitoka kama lami, na vumbi lake likaanza kunichoma viganja. Nilikwangua kwa vipande vidogo, nafuta, natazama kwa kioo cha kukuzia. Eneo la kwanza lilikuwa safi. La pili, safi. Mshamu alimpigia simu mkaguzi, nikamsikia akisema gari liko kwa fundi na halitafika uwanjani, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani. Alipokata simu alisema, "Anakuja hapa."

Kufikia saa sita upande wote wa ndani, nyuma ya ukingo uliochanika, ulikuwa umeng'aa, na hapakuwa na mstari wowote. Nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta, nikapaka unga wa chaki. Mahali palipo na ufa, mafuta ya taa yaliyoingia ndani hutoka taratibu na kuchora chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Nikarudia. Nyeupe. Nikaitundika tena rimu na kuigonga, na bado ilinyamaza, lakini sasa sikuyaamini masikio yangu. Labda ni kamba. Labda ni mafuta ya korosho yaliyobaki kwenye matundu ya nati. Mshamu alisimama mlangoni akitazama chaki ile nyeupe. Kisha akaenda kukaa na mama yake.

Mkaguzi alifika kwa bodaboda mapema kuliko nilivyotaka. Alikuwa mwanamke wa makamo, Dada Neema, mwenye viatu vya matope na mkoba wa kuning'iniza. Nilimtarajia mtu wa kalamu. Alizunguka gari lililosimama juu ya mawe, akatazama rimu tatu ambazo wenzangu walikuwa wanazikwangua, akainama juu ya ile ya nne.

"Nani alisema ina ufa?"

"Mimi."

"Uko wapi?"

"Sijaupata."

Mshamu alifumba macho. Dada Neema akachukua kinyundo changu cha mpingo bila kuomba, akagonga rimu mwenyewe mara mbili. Akakunja uso. "Kweli imekufa," akasema. "Umeitwisha mzigo?"

Sikuelewa.

"Ufa wa aloi hujifunga ukiwa hauna mzigo, fundi. Hasa kama kuna kitu kimejaa ndani yake. Una jeki ndogo?"

Nilikuwa nayo. Tukailaza rimu chini, tukaiweka jeki ndani yake ikisukuma kuta mbili. Aliwafukuza watoto, waliokuwa wameamka, wakakae mbali, na akaniambia nisimame upande. Nikazungusha mkono wa jeki taratibu. Nikapaka mafuta ya taa tukiwa tumeisukuma kidogo tu, tukasubiri, nikafuta, nikapaka chaki, kisha nikaongeza mzigo. Hapakuwa na kitu. Nikaongeza tena. Bi Fatu alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, mkono mmoja begani kwake.

Kwanza ilionekana nukta moja ya kijivu. Halafu mstari mwembamba ukaanza kutembea juu ya chaki kama sisimizi mmoja anayemfuata mwenzake, ukatoka kwenye kona ya ukingo, ukashuka ukuta wa ndani, ukapinda kuelekea shina la mkono wa rimu. Ulikuwa mrefu kuliko kidole changu cha kati na ulikuwa bado unaendelea. Kisha tukasikia mlio mdogo mkavu, na jeki ikalegea yenyewe.

"Acha," Dada Neema akasema.

Niliacha. Hakuna aliyefurahi, hata mimi niliyekuwa nimepata nilichokitafuta. Mshamu alichuchumaa, akaugusa mstari kwa ncha ya kidole, akautazama mkono wake mweupe wa chaki. Akauliza, "Ingefika wapi?"

"Sijui," Dada Neema akajibu. "Labda ingefika Mahurunga. Labda isingetoka mjini."

"Wiki iliyopita nilikuwa naenda kasi."

Mtoto mmoja akaomba maji, na Bi Fatu akaenda kumpa, akakaa huko.

Dada Neema hakulichukua gari. Mkataba, alisema, unamhesabu mtu aliyetoa taarifa kabla ya saa ya ukaguzi kuwa amefika, na Mshamu alikuwa ametoa, japo kwa kulazimishwa na mtani. Lakini gari lisingetembea mpaka rimu nyingine ya aina ileile ipatikane na likaguliwe tena kwa ada, na rangi nyeusi itoke yote. Alimuuliza Mshamu jina la aliyezipaka rangi hiyo. Mshamu akasema hamjui. Dada Neema akaandika hivyo, akapanda bodaboda, akaondoka. Tangu siku ile kila rimu iliyonyamaza niliitwisha mzigo kabla ya kusema lolote, na vijana, fanyeni hivyo. Msichomelee rimu yenye ufa, hata mteja akilia. Mkwaruzo nao msiuchomelee. Pakeni pati.

Hitima ilisomwa Mahurunga bila Bi Fatu. Alikasirika juu ya hilo, si juu ya mengine. Rimu ilipatikana Dar es Salaam baada ya siku kadhaa, iliyotumika lakini nzima, ikaja kwa basi. Niliitundika na kuigonga mbele ya Mshamu, nikaitwisha mzigo mbele yake pia, na yeye ndiye aliyepaka chaki. Siku ya kulichukua gari alikuja na mama yake. Alikaa kwenye benchi akihesabu kwa vidole: rimu laki mbili na ishirini, basi elfu kumi na tano, ada ya kukaguliwa tena elfu arobaini, kazi yangu elfu tisini.

"Na elfu tano ya kuikomboa rimu," nikamkumbusha.

"Myao huna haya."

"Mpe," Bi Fatu akasema. "Jogoo ni ghali zaidi."

Akanipa. Kisha akaanza kuhesabu tena tangu mwanzo, kana kwamba mara ya pili zingepungua, akilalamika kwamba fedha hiyo ingetosha karibu kulipa mwezi mmoja wa mkopo. Mama yake alimwacha amalize.

"Sanda moja dukani ni bei gani siku hizi?" akamuuliza.

"Sijui, mama."

"Mimi najua. Juzijuzi nimenunua ya mjomba wako. Zidisha mara sita. Mbili ni fupi, watakupunguzia."

Mshamu alishusha vidole. Akachukua funguo, akamfungulia mama yake mlango, akangoja mpaka alipokaa vizuri. Hasara yote ilikuwa shilingi laki tatu na elfu sabini, naye hakuitaja tena.